Desa la namba tasa kwa abiria wa Handeni na Korogwe

Ndugu yangu, sogea karibu. Unataka watu wakuone unajua namba tasa, na hutaki kukaa na kalamu ukigawanya mpaka taa izimwe. Hamu zote mbili ni halali. Hakuna mwenye akili timamu anayependa kuijaribu 899 kwa kila namba kuanzia 2 hadi 898, na wanahisabati wakubwa ndio waliotangulia kuikimbia kazi hiyo. Tofauti iko katika namna ya kukimbia. Yupo anayekwepa ovyo akaumbuka, na yupo anayekwepa kwa mpango akaitwa bingwa. Twende kwa huyo wa pili.

Uwanja wa mazoezi unao tayari: stendi. Magari ya kawaida nchini kwetu huandikwa herufi T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Pikipiki huanza na MC, nazo zina tarakimu tatu. Maana yake kila basi linaloshusha abiria Korogwe, na kila bodaboda inayosubiri mteja Handeni, limekuja na swali la hisabati. Utakuwa umesimama na mwanao, mpwa wako, na yule jirani asiyekubali kushindwa. Mmoja atasema, "Haya mjomba, 437! Tasa au si tasa?" Wote watakugeukia.

Jiandae hivi.

1. Jua kwanza unachokisema

Namba tasa ina vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Ukiwa na machungwa 12 sokoni, utayapanga mafungu ya mawili mawili, matatu matatu, manne manne au sita sita, na halibaki hata moja. Machungwa 13 hayakubali mchezo huo. Ama yote fungu moja, ama kila chungwa peke yake. Basi 13 ni tasa, 12 si tasa.

Kuna mitego miwili ambayo watu wa ubishi huanza nayo. Moja si tasa, kwa sababu ina kigawo kimoja tu. Mbili ni tasa, na ndiyo namba shufwa pekee yenye sifa hiyo. Yajue hayo mawili kabla hujafungua mdomo.

2. Ukibanwa, kana

Gari limepita mbio, vumbi limetimka, namba umeiona nusunusu, na wanasubiri jibu. Sema "si tasa", na useme kwa sauti kavu ya mtu aliyekwisha kuhesabu.

Takwimu ziko upande wako. Kutoka 100 hadi 999 kuna namba 900, na tasa ni 143 tu. Anayejibu "si tasa" kwa kila gari, hata akiwa amefumba macho, anapatia mara 757 kati ya 900. Hiyo ni zaidi ya asilimia 84, alama ambayo mwanafunzi akiipata nyumbani huchinjwa kuku. Ila usiweke kambi hapo. Jirani yako si mjinga, na jibu moja likirudiwa magari kumi mfululizo atakushtukia. Kukana ni kwa dharura.

3. Tazama tarakimu ya mwisho

Namba yoyote inayozidi 10 ikiishia na 0, 2, 4, 6 au 8 inagawanyika kwa 2. Ikiishia na 5 inagawanyika kwa 5. Zinazobaki na matumaini ni zile zinazoishia na 1, 3, 7 au 9. Kwa mtazamo huo mmoja umeondoa namba 540 kati ya 900, wala hujahesabu kitu. Barabara ya lami kutoka Korogwe hadi Handeni ina kilomita 65, na kutoka Handeni hadi Mkata kilomita 54. Zote mbili umeshazihukumu kabla hujamaliza kuzisoma.

Usijibu haraka mno. Tazama kidogo upande wa milima ya Usambara, vuta pumzi, kisha toa hukumu. Watu huheshimu jibu lililochelewa sekunde mbili.

4. Jumlisha tarakimu

Jumla ya tarakimu ikigawanyika kwa 3, namba nzima inagawanyika kwa 3. Chukua 471: nne na saba na moja ni 12, na 12 inagawanyika kwa 3, basi 471 si tasa. Sababu yake haina uchawi. Kumi ukiigawa kwa 3 inabaki 1, mia nayo inabaki 1, kwa hiyo kila tarakimu inabaki na thamani yake tu, iwe imekaa kwenye mamia au kwenye makumi. Mweleze mtoto sababu hiyo, si kanuni tupu. Kanuni tupu husahaulika siku ya mtihani.

Hapa ndipo wanapoumbuka wengi. 51, 57 na 87 zina sura ya tasa kabisa, na kila moja inaangushwa na 3: ni 3 mara 17, 3 mara 19, na 3 mara 29.

Baada ya hatua hii badili msimamo. Namba za tarakimu tatu ambazo hazigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5, ni 240, na tasa zote 143 zimo humo. Kwa hiyo namba ikishavuka hapa, jibu la dharura linageuka kuwa "tasa", na utapatia karibu mara sita kati ya kumi.

5. Kariri watatu wa chini ya mia

Mtoto wa shule ya msingi hatakuuliza 437. Atakuja na daftari kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika kwa kutumia vigawo tasa, na atakuuliza namba iliyo chini ya 100. Kwa ajili yake unahitaji kukariri namba tatu: 49, 77 na 91. Ukiacha 1, hizo ndizo pekee chini ya 100 zinazovuka mtihani wa 2, wa 3 na wa 5 huku zikiwa si tasa. 49 ni 7 mara 7, 77 ni 7 mara 11, na 91 ni 7 mara 13. Ukizijua hizo, tasa zote 25 za chini ya mia ziko mfukoni mwako.

Ishike zaidi 91, maana watu wazima wenye vyeti vyao hukwama hapo.

Wala usiwadharau watoto wa mkoa huu. Shindano la Global Learning XPRIZE lilifanya majaribio yake katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga. Watoto karibu 3,000 waligawiwa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili ili wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Mtoto aliyefundishwa na kishikwambi hasubiri mjomba atafute kalamu.

6. Jua pa kuishia

Sasa siri inayookoa muda kuliko zote. Huna haja ya kugawanya mpaka mwisho. Ishia kwenye kipeuo cha pili cha namba yako.

Fikiri mwenyewe. Namba ikiwa si tasa, ni zao la namba mbili. Hizo mbili haziwezi kuwa kubwa zote pamoja. Kama moja inazidi kipeuo cha pili, mwenzake lazima iwe chini yake. Kwa hiyo ukitafuta chini ukakosa, juu hakuna kitu. Tena jaribu kwa namba tasa peke yake. Kama 2 imeshindwa kuigawa, 4 na 6 zitaiweza wapi?

Hesabu ya vibao vya magari sasa inakuwa nyepesi. 31 mara 31 ni 961, na tasa inayofuata, 37, ukiizidisha kwa yenyewe unapata 1,369, namba isiyotoshea kwenye kibao. Unahitaji tasa 11 tu: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29 na 31. Aliyetaka kuijaribu 899 mara 897 sasa haijaribu zaidi ya mara 10, maana 31 mara 31 imeshaizidi, na tatu za mwanzo amezimaliza kwa macho.

Aliyetuwekea msingi wa uvivu huu ni mwana wa Afrika Kaskazini, Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene katika Libya ya leo, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Aleksandria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Chekeche lake linajulikana mpaka leo: andika namba zote kuanzia 2, acha 2 kisha futa vigawe vyake, acha 3 kisha futa vigawe vyake, endelea hivyo. Zinazobaki bila kufutwa ni tasa. Hakugawanya hata mara moja.

7. Ikate namba vipande viwili

Hapa nakuomba utulie, maana ndipo ubingwa ulipo. Tenga tarakimu ya mamia, kisha zichukue tarakimu mbili za mwisho kama namba moja. Kwa 437 una 4 na 37. Kisha fanya hivi:

Kwa 7, zidisha mamia kwa 2, jumlisha na kipande cha mwisho. 623 inakuwa 12 na 23, jumla 35. 35 inagawanyika kwa 7, basi 623 imeanguka.

Kwa 11, jumlisha tu vipande viwili. 781 ni 7 na 81, jumla 88. Imeanguka.

Kwa 13, zidisha mamia kwa 4, toa kwenye kipande cha mwisho. 793 ni 93 kutoa 28, inabaki 65, yaani 5 mara 13. Imeanguka.

Kwa 17, zidisha mamia kwa 2, toa kwenye kipande cha mwisho. 629 ni 29 kutoa 12, inabaki 17 yenyewe.

Kwa 19, zidisha mamia kwa 5, jumlisha. 703 ni 35 na 3, jumla 38, yaani 19 mara mbili.

Ukitoa ukapata hasi, usishtuke, itupe alama ya hasi uendelee. 901 kwa 17 inakupa 1 kutoa 18, yaani hasi 17, na kweli 901 ni 17 mara 53.

Unataka kujua kwa nini inakubali? Kwa sababu mia iko jirani sana na vigawe vya namba hizi. 98 ni kigawe cha 7, kwa hiyo kila mia inabakiza 2. 99 ni kigawe cha 11, inabaki 1. 102 ni kigawe cha 17, kwa hiyo mia imepungukiwa na 2. 104 ni kigawe cha 13, imepungukiwa na 4. 95 ni kigawe cha 19, inabaki 5. Ukikumbuka majirani hao watano wa mia, kanuni zote utaziunda upya mwenyewe, hata ukiwa umebanwa siti ya nyuma na gunia la mahindi magotini.

Sasa rudi kwa 437. Mwisho ni 7, haijaanguka. Jumla ni 14, haijaanguka kwa 3. Kwa 7: 8 na 37 ni 45, hapana. Kwa 11: 41, hapana. Kwa 13: 37 kutoa 16 ni 21, hapana. Kwa 17: 37 kutoa 8 ni 29, hapana. Kwa 19: 20 na 37 ni 57, na 57 ni 19 mara 3. Imepatikana! "437 si tasa, mwanangu. Ni 19 mara 23." Taja vigawo vyote viwili, kila mara. Anayesema "si tasa" anaweza kuwa amebahatisha, lakini anayetaja vigawo amemaliza mjadala.

8. Wasaliti tisa

Zimebaki 23, 29 na 31. Usizitafutie kanuni. Namba ikishavuka hatua zote hizo na bado ikawa si tasa, basi lazima ni mojawapo ya hizi:

529, 667, 713, 841, 851, 899, 943, 961, 989.

Ni hizo tisa tu kati ya 100 na 999. Nyingine zote zilizofika hapa ni tasa, bila shaka yoyote. Zikariri kama namba ya simu ya nyumbani. Mtu akikurushia 899, jibu bila kufikiri: "29 mara 31." Akikurushia 547, pita hatua kwa hatua, uone haianguki na haimo kwenye orodha, kisha tamka: tasa.

Kuna watakaokuambia kukariri ni kudanganya. Wakatalie. Aliyejua kwa nini orodha ina namba tisa na si kumi haibi kitu. Kwa miaka mingi hisabati imekuwa ikiangusha watahiniwa wengi kuliko somo lingine lolote katika mtihani wa kidato cha nne hapa Tanzania, na sehemu ya kosa ni sisi tuliowaonyesha watoto njia ndefu peke yake, tukaiita bidii. Njia fupi yenye sababu ndiyo hisabati yenyewe.

9. Kosea kwa heshima

Siku moja watakupa namba ndefu, tarakimu saba au nane, mbele za watu. Usibuni. Sema, "Bado sijapata kigawo chake." Sentensi hiyo ni ya kweli, haikufungi, na imetumiwa na watu wakubwa kuliko wewe.

Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba namba zilizo katika ukoo wa 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa. Hizo tano ni tasa kweli. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba inayofuata, 4,294,967,297, ni 641 mara 6,700,417. Fermat alikwishafariki, na jina lake halijashuka hata kidogo.

Édouard Lucas alifanya ujanja mkubwa zaidi. Mwaka 1876 alithibitisha kwamba ukiizidisha 2 kwa yenyewe mpaka zifike mbili 67, kisha ukatoa 1, unapata namba isiyo tasa. Lakini hakutaja kigawo hata kimoja. Inawezekana kabisa kujua namba inagawanyika bila kujua inagawanyika kwa nini. Vigawo vilikuja mwaka 1903, wakati Mmarekani Frank Nelson Cole alipovitandaza mbele ya wanahisabati wenzake: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba alipanda ubaoni, akazidisha kwa chaki kimya kimya mpaka mwisho, akarudi kukaa bila kusema neno, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ukiwa na jibu, iga huyo.

10. Jisifu kwa vya kwetu

Ukishinda, watu watataka maneno kidogo. Wape Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa uliochanjwa alama, pale Ishango, mashariki mwa Kongo, ambapo mto Semliki unatoka Ziwa Edward. Umri wake ni takriban miaka 20,000, na leo umehifadhiwa Brussels. Safu moja ya alama ina makundi manne: 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, na jumla yake ni 60. Wataalamu wanabishana kama aliyechanja alikuwa anajua alichofanya au alikuwa akihesabu siku za mwezi. Usijitie kuumaliza ubishi huo. Zitaje namba nne, nyamaza, waache wazihesabu wenyewe vidoleni.

Mbishi akiuliza zina faida gani, mwonyeshe simu iliyo mkononi mwake. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni kufuli la siri linalosimama juu ya jambo moja: kuzidisha tasa mbili kubwa ni rahisi, na kulirudisha zao katika tasa hizo mbili ni kazi ngumu mno hata kwa kompyuta. Kufuli la aina hiyo limekuwa likilinda mawasiliano ya intaneti kwa miongo mingi. Ugumu ulioupata kwa 437 ndio huo huo, umekuzwa mpaka mwizi akate tamaa.

Tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana ilitangazwa Oktoba 2024, na ina tarakimu 41,024,320. Si ya mwisho, maana Euklide alithibitisha zamani kwamba tasa hazina mwisho. Hiyo waachie wenye kompyuta zao. Wewe mwandikie mtoto wako zile namba tisa nyuma ya daftari lake leo hii, na mkipanda basi pamoja, mwache yeye ajibu kwanza.